Baada ya Alama

Gari la eksirei likifika mnadani huegeshwa pembeni, karibu na mti wenye kivuli, na foleni huanza kabla jenereta halijawashwa. Anayeingia huvua shati na chochote cha chuma kilichoko shingoni, husogea mpaka kifua kiguse bamba la mashine, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele ili mifupa ya mabega isiyafunike mapafu. "Vuta pumzi. Bana. Haya, pumua." Vifungo vya shati havijaisha kufungwa, kwenye kompyuta ya mtaalamu wa mionzi pameshatokea namba kati ya 0 na 100. Pembeni yake ipo picha ya kifua kile kile iliyopakwa rangi: bluu pale ambapo programu haikuona neno, njano na nyekundu pale iliposhtuka. Hakuna daktari bingwa aliyeitazama. Namba ikivuka kizingiti, mtu hupewa kikopo cha makohozi na kuelekezwa nyuma ya gari, kwenye hewa ya wazi. Isipovuka, hushukuriwa na kuruhusiwa kwenda zake.

Namba ile ndiyo inayonishughulisha. Kila akili unde inapotajwa pamoja na hospitali, watu hukimbilia swali moja: je, mashine inaona kuliko daktari? Kwa kifua kikuu swali hilo limeshapata jibu la kutosha kufanyia kazi, na nitalieleza. Gumu zaidi ni lile linalofuata: kizingiti kimewekwa wapi, kimewekwa na nani, na yule aliyekivuka anangojewa na nini ng'ambo ya pili.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 10.7 waliugua kifua kikuu (TB) na milioni 1.23 wakafa. Waliogunduliwa na kuripotiwa walikuwa milioni 8.3. Katika hao milioni 2.4 waliobaki wamo watu wanaoendelea kupanda daladala na matatu, kulala chumba kimoja na watoto wao, na kukohoa bila jina la ugonjwa. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwemo katika orodha ya WHO ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi.

Nimesema kukohoa, kumbe wengi hawakohoi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Kenya kati ya 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. Kama wapimaji wangetegemea swali la kikohozi cha zaidi ya wiki mbili peke yake, karibu nusu ya wagonjwa hao wangepita mlangoni wakihesabiwa wazima. Tafiti za nchi nyingine za Afrika na Asia zimerudi na picha hiyo hiyo. Bakteria wamo, pafu limeanza kuliwa, na mwenye pafu analima, anauza nyanya, anacheza mpira.

Kwa ukanda wetu habari hiyo iligusa msingi wa nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari kutoka Chekoslovakia, Karel Styblo, alishirikiana na Wizara ya Afya ya Tanzania kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma: hadubini kila wilaya, dawa zinazomezwa mbele ya mhudumu, na daftari linalomfuata mgonjwa mpaka amalize. WHO baadaye iliueneza mfumo huo duniani kwa jina la DOTS, na watu wengi sana wako hai kwa sababu yake. Lakini mfumo wenyewe ulimsubiri anayekohoa aje mwenyewe. Na haukuwa uvivu. Nchi tajiri zilikuwa zimeshajaribu kupiga picha umati mzima. Mwaka 1957 mji wa Glasgow ulipiga eksirei vifua vya watu zaidi ya 700,000 kwa wiki 5 tu. Ugonjwa ulipopungua huko, gharama ya kumpata mgonjwa mmoja ilipanda, na mwaka 1974 jopo la wataalamu wa WHO likashauri kampeni za namna hiyo ziachwe. Ushauri uliotokana na Ulaya iliyokwisha kupona ukawa ushauri wa dunia nzima, zikiwemo nchi ambazo ugonjwa bado ulikuwa umejaa. Naamini tulilipa gharama ya ushauri ule kwa miongo kadhaa.

Eksirei iliporudi, ilirudi na tatizo lake la tangu enzi: nani ataisoma? Picha ya kifua ni vivuli vilivyolaliana. Mbavu, moyo, mishipa ya damu, titi, mkunjo wa nguo, vyote vimebanwa kwenye bapa moja la kijivu. Kifua kikuu mara nyingi huanzia sehemu ya juu ya pafu, kama ukungu mweupe nyuma ya mtulinga, na kikikomaa huacha shimo lenye ukingo mzito. Kwa mwenye VVU vilivyokwisha kumdhoofisha, shimo hilo huenda lisiwepo kabisa, kwa sababu mwili hauna tena nguvu ya kupigana vita vinavyoacha alama. Wasomaji hodari hukosea. Tangu miaka ya 1940 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wataalamu wakipewa picha zile zile huziacha nyingi zenye ugonjwa, hupingana wao kwa wao, na msomaji mmoja akipewa picha ile ile siku nyingine aweza kujipinga mwenyewe.

Ndiyo maana nauthamini mno utafiti mdogo uliofanywa kwa picha za wafungwa wa gereza la Ukonga, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2015. Picha 511 zilisomwa na programu ya Kiholanzi iitwayo CAD4TB, na pia na wahudumu 7 wa afya waliokuwa wakisoma picha katika wodi za kifua kikuu za hapa hapa. Wahudumu 2 waliishinda mashine kwa tofauti ya wazi, 3 walikuwa sawa nayo, 2 walizidiwa nayo. Matokeo hayo hayatoi kichwa cha habari cha kusisimua, na ndiyo maana nayaamini. Yanasema mashine ile ya wakati ule ilikuwa kama mfanyakazi wa kawaida wa wodi, si bora sana, si mbaya. Lakini utafiti huo uliangalia jambo la pili: katika picha 1,321 za gereza hilo, majibu 160 ya wasomaji binadamu yalichelewa zaidi ya saa 24. Gerezani, ambako watu hulala bega kwa bega, siku moja ya kuchelewa ni usiku mmoja zaidi wa kuvuta hewa ya mgonjwa. Mashine haikuchelewa.

Mwaka mmoja kabla yake programu hiyo hiyo ilikuwa imepimwa Bagamoyo kwa picha za watu 861 waliokuja kliniki na dalili. Nayataja haya kwa makusudi, maana husemwa kwamba teknolojia hii ilitengenezwa mbali ikaletwa kwetu imekamilika. Sehemu ya ushahidi uliofanya dunia iiamini ilitoka kwenye vifua vya watu wa Bagamoyo na Ukonga.

Inajifunzaje? Programu haifundishwi anatomia wala haielezwi bakteria ni nini. Huonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, kila moja na jibu lake, na kila ikikosea hurekebisha mamilioni ya vijinamba vilivyo ndani yake mpaka makosa yapungue. Kinachobaki mwishoni ni mazoea ya jicho bila maelezo. Nguvu yake iko hapo, na hatari yake iko hapo hapo, kwa kuwa itashika chochote kinachoisaidia kupata jibu.

Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za vifua vya wagonjwa 30,805, na majibu ya picha hizo hayakuandikwa na daktari aliyezitazama upya. Yaliokotwa na programu nyingine kutoka kwenye ripoti za zamani. Mwaka ule ule watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba programu waliyoifundisha kwa picha hizo iliwazidi wataalamu katika kuona nimonia. Mtaalamu wa radiolojia wa Australia, Luke Oakden-Rayner, akakaa na zile picha akazitazama moja moja. Aligundua kwamba nyingi zilizoandikwa "pafu limesinyaa kwa hewa iliyoingia kifuani" zilikuwa za wagonjwa ambao mrija wa kuitoa hewa hiyo ulikuwa umeshawekwa. Programu iliweza kujifunza kutambua mrija. Katika matumizi ya kweli, anayehitaji kugunduliwa ni yule ambaye bado hajawekewa.

Kisa cha 2018 kinanikaa zaidi moyoni. John Zech na wenzake walifundisha programu kuona nimonia kwa picha za hospitali moja, wakaipeleka hospitali nyingine, ikayumba. Walipochunguza waliona kwamba ilikuwa imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, hata kwa kuangalia kile kipande cha chuma chenye herufi ambacho mtaalamu wa mionzi hukiweka begani kuonyesha upande wa kushoto au kulia. Hospitali iliyokuwa na wagonjwa wengi ilikuwa na kipande chake, basi kipande kikawa dalili ya ugonjwa. Ni kama mtahiniwa aliyegundua kuwa maswali yenye jibu la "ndiyo" yamepigwa chapa kwenye mashine tofauti. Atafaulu mtihani ule, na hajui somo. Wakati wa UVIKO-19 hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalichambua kwa kina tafiti 62 za programu za kusoma vifua, na hakuna hata moja iliyofaa kutumika kwa mgonjwa.

Mwaka 2022 Mkenya Judy Wawira Gichoya, mtaalamu wa radiolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, na wenzake walionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Programu zinaweza kutambua kutoka kwenye eksirei kama mgonjwa ni Mweusi au Mzungu, hata picha ikiharibiwa mpaka jicho la binadamu lisione chochote cha maana. Madaktari hawawezi kufanya hivyo, na watafiti wenyewe hawakuweza kueleza ni kitu gani hasa ambacho programu hutumia. Uzito wake ni huu: ikiwa mashine inajua rangi ya mtu bila kuambiwa, na katika data iliyoifundisha watu Weusi walikuwa wakigunduliwa kwa kuchelewa, inaweza kuendeleza ucheleweshaji ule kimya kimya, na hakuna wa kuuona kwenye picha.

Nimekaa muda mrefu kwenye mashaka kwa sababu bila hayo sifa zinazofuata hazina thamani. Programu za kifua kikuu zimepita kwenye tundu dogo kuliko zile za jumla, kwa kuwa jibu lao linaweza kuthibitishwa nje ya picha. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliipitisha mwishoni mwa 2010, na bakteria ama wapo ama hawapo. Huko Dhaka, Bangladesh, programu 5 zilijaribiwa kwa picha za watu 23,954 na kulinganishwa na wataalamu wa radiolojia wa nchi hiyo. Zote 5 ziliwazidi. Kwa kuzitumia kama mlinzi wa mlangoni, vipimo vya makohozi vingeweza kupunguzwa kwa nusu huku wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 wakiendelea kupatikana. Mwezi Machi 2021, baada ya kupitia CAD4TB, qXR ya India na Lunit INSIGHT CXR ya Korea Kusini, WHO iliruhusu programu za aina hii zitumike mahali pa msomaji binadamu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea.

Kwa hiyo kwa kifua kikuu, kwa watu wazima, mashine inaona. Nalisema bila kusita. Mwaka 2016 mwanasayansi wa akili unde Geoffrey Hinton alisema vyuo viache kufundisha wataalamu wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka 5 kompyuta zitawazidi. Mjadala uliozuka Ulaya na Marekani ulikuwa wa ajira za watu. Kwetu ubishi huo haupati mahali pa kusimama. Hospitali nyingi za wilaya hazijawahi kuwa na bingwa huyo wa kunyang'anywa kazi. Picha hupigwa, hutiwa kwenye bahasha ya kaki, na mgonjwa huzunguka nayo akitafuta wa kuisoma.

Sasa kizingiti. Namba ya mashine haisemi "una TB". Inasema kifua hiki kinafanana kwa kiasi fulani na vifua vya wenye TB ambavyo mashine imewahi kuviona. Mahali pa kukata, iwe 40, 50 au 60, hapamo ndani ya mashine, mtu hupachagua. Chukua watu 10,000 wa mitaani katika nchi ambako mtu 1 kati ya 200 ana ugonjwa. Wagonjwa ni 50. WHO imependekeza kipimo cha mlangoni kikamate walau wagonjwa 90 katika kila 100, na kiruhusu walau wazima 70 katika kila 100 waende nyumbani. Kwa kiwango hicho mashine itawakamata wagonjwa 45 na kuwaachia 5. Pamoja na hao 45 itawashika wazima 2,985. Jumla ya watu watakaoombwa makohozi ni 3,030, ili wapatikane 45: mtu 1 kwa kila 67.

Katriji moja ya GeneXpert, inayotumika kwa kipimo kimoja, ilishushwa bei mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Kwa watu 3,030 ni kama dola 24,000 za katriji peke yake. Bila mashine, kuwapima wote 10,000 kungegharimu karibu dola 80,000, kwa hiyo mashine imeokoa fedha nyingi, na yeyote anayeibeza aanzie hapo. Lakini meneja wa mpango wa wilaya hana dola 24,000. Ana 12,000. Atafanya nini? Atapandisha kizingiti. Namba za watakaopimwa zitapungua hadi zitoshee bajeti, na wale wagonjwa 5 walioachwa watakuwa 10, au 15. Hakuna atakayewaona wakiondoka. Wataondoka kama wazima, shati limefungwa, na neno la mashine mfukoni.

Peleka gari lile lile gerezani au kwenye machimbo ambako, tuseme, watu 5 katika kila 100 wana ugonjwa. Kwa kizingiti kile kile, watu 10,000 watatoa wagonjwa 450 kutoka kwa watakaopimwa 3,300, mmoja kwa kila 7 hivi. Mashine haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali ilipoegeshwa. Anayeuliza programu hii ni sahihi kwa asilimia ngapi, hajauliza swali bado, mpaka aseme ni kwa watu gani.

Na machimboni kuna mtego wake. Wachimbaji wadogo wa tanzanaiti huko Mererani huvuta vumbi la jiwe miaka na miaka, na vumbi hilo huacha makovu, silikosisi, ambayo kwenye picha hufanana na kifua kikuu. Hapo hapo silikosisi humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kukipata kifua kikuu chenyewe. Aliyewahi kuugua TB akapona naye hubaki na makovu. Dhaka programu zote zilififia kwa waliowahi kuugua, na kwa wazee. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza mwaka 1926 na ambayo kwa miaka mingi imewahudumia wachimbaji, ina madaktari wanaoyajua makovu haya kwa jina. Kizingiti cha Mererani kinapaswa kupimwa Mererani, kwa makohozi ya Mererani. WHO yenyewe imetoa mwongozo wa kila nchi kutafuta kizingiti chake. Kazi hiyo inataka fedha, maabara na miezi kadhaa ya subira, na ni rahisi sana kuiruka na kutumia namba iliyokuja na kifaa.

Hata ukiipima leo, kesho huenda ikakuponyoka. Kampuni hutoa toleo jipya la programu, na 60 ya toleo la zamani si 60 ya jipya. Kipimajoto hakibadilishi maana ya nyuzi 38 usiku mmoja, programu hubadilisha. Mpango wa taifa unaonunua leseni bila kudai kuarifiwa na kupewa muda wa kupima upya kabla ya toleo kubadilishwa, umekabidhi kizingiti chake kwa wahandisi ambao hawajawahi kuiona foleni ile.

Huwa nawakumbuka panya buku wa Morogoro. Tangu mwaka 2007 shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linawatumia panya hawa kunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa kwenye vituo vya afya. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na akisita juu ya tundu, sampuli ile hupimwa tena kwa njia zinazokubalika maabara. Panya hasemi ameona nini, kama programu isivyosema. Wala hakuna aliyewahi kupewa dawa kwa sababu panya kasita. Wafanyakazi wa APOPO huthibitisha kwanza, kisha watu ambao walishaambiwa hawana kitu husakwa, ili warudi waanze dawa. Pua ya panya ni sehemu ndogo ya kazi ile. Kubwa ni kule kurudi kumtafuta mtu, na ndicho ninachokitafuta kila nikisoma kuhusu mradi mpya wa akili unde.

Kwa sababu baada ya alama kuna safari. Makohozi hayatoki kwa kila mtu. Wengine hutema mate tu. Sampuli inatakiwa ifike kwenye mashine, mashine iwe na umeme na katriji, jibu lirudi, simu ya mgonjwa ipatikane, na dawa za miezi 6 ziwepo kituoni. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mnyororo huu ulikatika katika vipande vingi kwa mpigo, na Machi mwaka huo WHO ilionya kwamba huduma za kifua kikuu zilikuwa zimeyumba katika nchi nyingi zenye mzigo mkubwa. Programu haili katriji wala haihitaji posho ya kumfuata mgonjwa kijijini. Inaweza kuendelea kutoa alama hata pale ambapo hakuna tena wa kuzipokea. Kumwambia mtu kifua chake kina mashaka kisha usiwe na kikopo cha kumpa ni kumwongezea mzigo.

Kuna pia anayepata alama ndogo. Programu ya TB ilifundishwa kutafuta TB. Moyo uliovimba, uvimbe wa saratani uliojificha nyuma ya moyo, mapafu yaliyochoshwa na moshi wa kuni jikoni, vyaweza kupita bila neno. Baadhi ya programu mpya hutaja zaidi ya ugonjwa mmoja, na katika nchi zenye mashine za CT kuna kazi nzuri inayoendelea ya kutafuta saratani ya mapafu mapema, lakini kwenye foleni ya mnadani mtu husikia jambo moja tu: mapafu yako ni mazima. Mhudumu anatakiwa aseme kingine: mashine haikuona TB, ukiendelea kuumwa, rudi.

Picha zenyewe nazo zina mwenyewe. Kila kifua kilichopigwa ni mali kwa anayefundisha toleo lijalo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi la kulindwa zaidi. Napenda mikataba ya ununuzi iseme waziwazi picha zinahifadhiwa wapi, nani anaruhusiwa kuzifundishia, na nchi inapata nini: bei nafuu, matoleo yaliyopimwa kwa watu wake, au vijana wake kufunzwa kuzitengeneza. Mahakama haitatusaidia kudai kitu ambacho hatukukiandika.

Bado sijamtaja mtoto. Ruhusa ya WHO ya 2021 iliishia miaka 15, kwa kuwa ushahidi wa walio chini ya hapo haukutosha. Kifua kikuu cha mtoto hakifanani na cha mtu mzima. Mara nyingi tezi za katikati ya kifua ndizo huvimba, na mtoto hajui kutoa makohozi, huyameza. Siku hizi kinyesi chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert, na WHO imetoa utaratibu wa kumwezesha mhudumu kuamua kuanza dawa kwa kujumlisha dalili, hata pasipo eksirei wala maabara.

Kwa hiyo baba akishuka kwenye gari akiwa na alama 83, na makohozi yake yakithibitishwa kesho yake, mashine imemaliza kazi. Mwanawe wa miaka 3 haitamsoma. Atakayemfikia ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa miguu au kwa bodaboda, akiwa na daftari, mzani wa kuning'iniza na dawa kinga. Atabisha hodi, atakaribishwa, atauliza nani wanalala chumba kimoja na baba, mtoto amepungua uzito tangu lini, anacheza kama wenzake au anakaa tu. Kisha atamning'iniza mtoto kwenye mzani, chini ya boriti ya mlango, na kungoja mshale utulie.